Bei ya Ardhi na Jirani wa Msikiti



Mwenye kuswali adhuhuri ya siku ya kazi katika msikiti wetu, ulioko Kariakoo, Dar es Salaam, huona neema kubwa. Watu hujaa ndani, wakajaa barazani, na waliochelewa wakatandika maboksi kando ya njia. Lakini mtu huyo huyo akirudi alfajiri atakuta safu moja, nayo haikutimia: wazee watano au sita, walinzi wawili wa maduka, na sisi. Haikuwa hivyo tulipoanza kusomesha katika chuo kilichoambatana na msikiti huo. Wakati huo mlango wa kila nyumba ya mtaa ule ulikuwa na mtu wa kuufungua kwa sauti ya adhana, na baada ya alasiri watoto walitujia wengi hata tukawa twawasomesha kwa zamu.

Jambo hili lilipozidi, twakiri kuwa tulilieleza kwa njia nyepesi. Tulisema kuwa imani imepungua. Tuliyasema hayo mbele za watu, tukawalaumu wazazi, na wazazi wenyewe wakainamisha vichwa. Kisha siku moja akatujia kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha sita, akiwa na daftari lake la jiografia. Alikaa mkekani akafungua ukurasa uliochorwa duara tano, moja ndani ya nyingine.

Tulipoziona duara zile tulifurahi, tukamwambia, “Huu ni mji wa Baghdad, mwanangu. Ndivyo alivyoujenga Khalifa Abu Jaafar al-Mansur.”

Akacheka kwa adabu. “La, Maalim. Hii ni Chicago.”

Tusiudhike sana kwa kosa letu, kwani al-Mansur kweli aliujenga mji wake kwa umbo la duara, mwaka 762, akauwekea malango manne: la Kufa, la Basra, la Khurasan na la Sham. Katikati aliweka kasri lake na msikiti mkuu. Masoko yalipomchukiza akaamrisha yahamishiwe nje ya ukuta, upande wa Karkh. Hii leo hapana hata jiwe la mji ule wa duara linaloonekana. Lakini duara ya Baghdad ilichorwa kwa amri ya mtu mmoja kabla mji haujakuwapo. Duara za Chicago zilichorwa na mwanachuoni baada ya mji kwisha kujengwa, naye hakuamrisha kitu, bali alitazama akaandika alichokiona. Hapo ndipo tulipomwambia kijana atusomeshe, nasi tukasikiliza.

Mwanachuoni huyo aliitwa Ernest Burgess, wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika nchi ya Marekani. Mwaka 1925 alieleza ndani ya kitabu alichokitoa pamoja na wenzake namna mji ule ulivyokua. Na ulikua kwa kishindo: mwaka 1850 ulikuwa na watu wasiotimia 30,000, na mwaka 1920 walikuwa wamepita milioni mbili na nusu, wengi wao wakiwa wageni kutoka nchi za Ulaya na Waafrika wa Marekani waliotoka majimbo ya kusini. Burgess alisema kuwa katikati kabisa pana mabenki, maduka makubwa na maofisi. Pete ya pili ni ya mchanganyiko: viwanda vidogo, nyumba kuukuu, vyumba vya kupangisha, na humo ndimo mgeni masikini hufikia. Pete ya tatu ni nyumba za wafanyakazi waliokwisha kujikwamua, ya nne ni za watu wa hali ya kati, na ya tano ni za wale wanaopanda gari asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi. Kwa kuwa Chicago iko ukingoni mwa ziwa Michigan, duara zake zimekatwa nusu na maji.

Kilichotushika sisi zaidi ni habari ya pete ya pili. Mwenye nyumba katika pete hiyo haitengenezi nyumba yake. Paa huvuja, ukuta hutoka chokaa, naye hutazama tu. Si kwamba ni mvivu au ni bakhili, bali anajua kuwa kati ya mji inapanuka na inamjia, na atakayenunua hatanunua nyumba, atanunua kiwanja. Fedha atakayoitia katika paa itabomolewa pamoja na paa hilo. Basi nyumba husimama mbovu juu ya ardhi ya thamani, ikingoja. Tulipoyasikia hayo tuliinua macho tukazitazama nyumba mbili zilizobaki mkabala wa chuo chetu, zenye mabati yenye kutu na milango iliyoliwa na mchwa, na kijana naye akazitazama, wala hatukuhitaji kuambizana neno.

Baada ya Burgess walikuja wengine waliomsahihisha. Homer Hoyt, mwaka 1939, alikusanya habari za kodi za nyumba katika miji 142 ya Marekani, akasema mji haukui kwa pete, bali kwa vipande kama vya tikiti lililokatwa, kutoka kati kwenda pembezoni. Penye reli hufuatana viwanda na nyumba za wafanyakazi, na penye upepo mzuri, mwinuko au ufuko hufuatana nyumba za matajiri, nazo huzidi kusogea upande ule ule mwaka hata mwaka. Kisha mwaka 1945 Chauncy Harris na Edward Ullman wakasema kuwa mji mkubwa hauna kitovu kimoja, bali vitovu vingi: bandari ni kimoja, chuo kikuu ni kimoja, soko la kiungani ni kimoja, na kila kitovu huvuta shughuli zinazokipenda na kuzifukuza zisizopatana nacho.

Tulimwuliza kijana, “Na hao wote wanasema sababu ni nini?” Akajibu kwa habari za William Alonso, aliyeandika mwaka 1964, nayo ni hesabu ambayo kila dalali wa Kariakoo anaijua pasipo kuisoma. Kila mtu hupima kiasi anachoweza kulipa ili awe karibu na kati ya mji. Mfanyabiashara hulipa kuliko wote, kwa sababu hatua mia kutoka penye watu zinamnyima wateja. Mwenye kutaka mahali pa kulala hawezi kushindana naye, kwani yeye akikaa mbali hupata taabu ya safari tu, na huko mbali hupata ua wa kufugia kuku. Basi duka humsukuma mkaazi nje, si kwa fimbo, bali kwa bei. Ghorofa ya chini hutangulia, na ghorofa za juu nazo hugeuka stoo za mizigo.

Hata hivyo tusiyapokee haya yote kwa pupa. Michoro ya wataalamu si kama mvua, ambayo hainyeshi kwa kupenda watu. Hoyt huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya bei za ardhi za Chicago, aliyapanga makabila ya watu kwa daraja, kwa mujibu wa yale yanayodhaniwa kupandisha bei na yale yanayodhaniwa kuishusha, akawaweka Waafrika wa Marekani na Wameksiko mwisho. Baadaye alifanya kazi katika idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, na kwa muda mrefu idara hiyo ilikataa kudhamini mikopo katika mitaa waliyokaa watu weusi. Mtaa ulionyimwa mkopo ulichakaa, na ulipochakaa ukaonekana kuthibitisha yaliyosemwa. Kalamu iliyodai kuwa inaeleza ilikuwa pia inaamua.

Na sisi wa pwani hii tunayo khabari inayofanana. Dar es Salaam ilianzishwa na Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860. Wajerumani walipoihamishia makao yao mwaka 1891 waliweka kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa, na Waingereza waliofuata wakazitimiza kwa kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za namna ya Kizungu, ya pili ya nyumba za biashara, na ya tatu ya nyumba za wenyeji. Kwa maneno kanuni zilisema nyumba, na kwa vitendo zilikusudia watu, hata wananchi wakazitafsiri kwa ufupi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Baina ya Uhindini na Uswahilini paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kisha ikajengwa kwa mitaa iliyonyoka, nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, mwenye nyumba akikaa chumba kimoja na wapangaji vyumba vingine. Basi pete za Chicago zilichorwa na bei kwanza kisha sheria ikazikaza, na zetu zilichorwa na sheria kwanza kisha bei ikazirithi.

Tulichukua chaki, tukauchora mji wetu katika ubao wa chuo, na watoto wadogo wakituzunguka. Tulipofika kwa Hoyt tulimwona yuko sawa kabisa: Oysterbay walikokaa wakubwa wa Kiingereza, kisha Msasani, Mikocheni, hata Mbezi, wenye uwezo wakiufuata ufuko kwenda kaskazini, na viwanda vikiandama reli na barabara ya Pugu, ambayo siku hizi huitwa barabara ya Nyerere. Tulipofika kwa Harris na Ullman tuliweka alama Ubungo, Mwenge, Mbagala Rangi Tatu. Mji uliokuwa na watu wasiozidi 130,000 katika hesabu ya mwaka 1957 ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na mji wa namna hiyo hauwezi kula sahani moja.

Na Kariakoo? Watoto wakasema ni pete ya pili. Kijana akasema ilikuwa ya tatu, ikawa ya pili, na sasa imekwisha kuwa ya kwanza. Amesema kweli. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, wachuuzi wa Zambia, Kongo, Malawi na Ngazija wamekuwa wakija hapo kununua nguo na vyombo. Vyumba vya maduka, ambavyo watu huviita fremu, hupangishwa kwa kilemba kabla ya kodi, na kodi ya chumba kimoja cha mbele huishinda ile ya vyumba vyote vya nyuma. Nani atamlaza mtoto mahali panapoweza kuwekwa marobota?

Hapo tukafahamu habari ya safu yetu ya alfajiri. Waumini hawakupungukiwa na imani. Wamehama. Wako Chanika, Mbagala, Chamazi, Kivule, na huko wanaswali alfajiri, na wanakuja kwetu adhuhuri kwa kuwa ndiko kwenye kazi zao. Tuliwalaumu watu kwa kosa lisilo lao, nasi tumewaomba radhi hadharani, katika mahali pale pale tuliposemea.

Pengine msomaji atauliza habari hii yamhusu nini yeye mwenye nyumba yake. Basi na tueleze lililotokea katika mtaa wetu, bila ya kumtaja mtu. Alifariki mzee mmoja, aliyekuwa hakosi safu ya mbele, akaacha mjane, wana wawili wanaume na binti mmoja, na nyumba ya vyumba sita. Arubaini haijatimia, dalali akaja. Wana wakataka kuuza. Mama akasema, “Nikihama hapa, nani atagonga mlango wangu akiona sikutoka?” Binti, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye, alinyamaza. Wakatuita tuwasuluhishe.

Kwanza tulifanya hesabu ya mirathi, kwa kuwa wengi huuza kabla ya kujua kila mmoja ana nini. Mjane akiwa na watoto fungu lake ni thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Basi nyumba ilikuwa hisa 40: mama 5, kila mwana 14, binti 7. Wana walipoona hivyo mmoja alisema kuwa hisa zao wawili ni 28, wao ndio wengi, mama na dada wafuate. Tukamwambia kuwa mirathi si kura. Kila mwenye hisa ana idhini yake, na mjane mwenye hisa 5 hauziwi hisa zake na mwenye 14. Zaidi ya hayo, mshirika akitaka kumwuzia mgeni, washirika wenzake wana haki ya shufaa, yaani wao kuinunua kwa bei ile ile kabla ya mgeni. Katika madhehebu yetu ya Shafi haki hiyo ni ya mshirika peke yake, kwa masharti waliyoyataja maulamaa. Wahanafi humpa na jirani pia, na twakiri kuwa katika mambo ya Kariakoo tulitamani kidogo kuwa Wahanafi. Lakini haki hii yahitaji fedha, na binti hakuwa nayo.

Pili tuliwaonyesha mchoro. Tuliwaambia, dalali anawaharakisha kwa kuwa anajua nyumba yenu iko mahali gani katika duara, nanyi hamjui. Anawaambia kuwa nyumba ni mbovu, bei haitazidi hiyo. Ubovu wa nyumba haumo katika hesabu, kwani hainunuliwi nyumba. Tukawatajia njia nyingine, nayo ni ubia: mjenzi hujenga ghorofa juu ya kiwanja chao nao wakapata sehemu yao ya vyumba. Njia hiyo ina kheri yake na ina hatari yake. Mikataba mingi huandikwa kwa lugha ambayo mjane haisomi, na ujenzi wa haraka huua: tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa iliporomoka papo hapo Kariakoo, watu wakafa chini ya zege. Kwa hiyo asisaini mtu pasipo wakili wake mwenyewe na mhandisi asiyelipwa na mjenzi.

Kaka mkubwa alikuwa na deni. Hilo ndilo lililokata shauri, si mchoro wetu. Waliuza, lakini baada ya miezi minne ya kungoja, na kwa bei iliyoizidi sana ile ya dalali wa kwanza. Msimamizi wa mirathi aligawa mbele ya mashahidi. Mama na binti wakanunua nyumba Chanika. Mtoto wa binti hakuonekana tena chuoni kwetu, na safu ya alfajiri ilikuwa imekwisha kupungua alipozikwa babu yake.

Katika vikao vile mama alituuliza jambo lililotukaa moyoni: msikiti nao mbona hauuzwi? Tukamjibu kwamba ni wakfu, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi. Akafikiri, akasema, “Basi hiyo tu ndiyo isiyohama.” Alisema maneno machache, naye alifika walikofika wanachuoni. Mwenye kwenda Fas, nchi ya Morocco, huukuta msikiti wa Qarawiyyin, ulioanzishwa mwaka 859, ungali katikati ya mji, na karibu yake wauza viungo na manukato, na wenye kutengeneza ngozi wako mbali kidogo, mtoni, kwa ajili ya maji na harufu. Msikiti ule haukushindana kwa bei na maduka. Maduka mengi yalikuwa wakfu wake, na kodi yao ikawa riziki ya walimu na wanafunzi. Lakini wakfu si dawa ya kila ugonjwa. Mji Mkongwe wa Unguja una nyumba nyingi za wakfu, zilizo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na baadhi yake zimechakaa sana, kwa kuwa kodi iliyo ndogo humsaidia mpangaji masikini lakini haitoshi chokaa. Mwenye kuweka nyumba wakfu na asiweke kitu cha kuitengeneza ameacha kazi nusu.

Mwezi uliopita mama yule alituita Chanika. Tulipanda daladala mbili, tukatembea katika mchanga, tukafika mahali penye mikorosho na nyumba mpya za matofali zisizopakwa rangi. Alikuwa amenunua kwa fedha iliyobaki katika thumuni yake kiwanja cha hatua 20 kwa 20, akitaka kijengwe chuo cha watoto, na akatuomba tuwe tunakwenda Jumamosi na Jumapili. Kijana wa jiografia, tuliyefuatana naye, alipima kwa kamba akachora ramani katika daftari lile lile. Nje ya mpaka, juu ya shina la mkorosho, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: kiwanja kinauzwa, na nambari ya simu ya dalali.

Mama alitaka tuanze kwa kuchimba msingi. Tulimwambia tuanze kwa karatasi. Tuliketi chini ya mti, tukaandika waraka wa wakfu, tukataja mipaka minne, tukamtaja mtawalia na atakayemfuata, na tukatenga upande wa barabarani vyumba viwili vya duka ambavyo kodi yake itakuwa ya matengenezo. Hapo barabarani kwa sasa hapapiti ila punda na bodaboda. Mashahidi wawili wakatia saini, mama akatia dole gumba, nasi tukarudi mjini kuwahi magharibi. Waraka huo tunaupeleka kusajiliwa juma hili.